Mtu wa Kukaa Nyuma Yangu

Suruali nilikuwa nayo. Gambuti nilikuwa nazo, glovu nilikuwa nazo, na pamiti ya mwanafunzi, leseni ya kujifunzia, nilikuwa nimeifunga kwenye nailoni isilowe. Nilichokosa ni mtu. Afande, mwalimu wetu wa pikipiki, alitaka kila mwanafunzi alete mtu wa nyumbani kwake, mwenye akili timamu, aliyekubali kwa kinywa chake mwenyewe kukaa nyuma ya pikipiki siku ya mtihani, na mimi katika ukoo mzima, wa kuzaliwa na wa kuolewa, sikuwa na hata mmoja.

Sharti hilo halikuandikwa mahali. Yaliyoandikwa yalibandikwa ukutani karibu na uwanja wa mafunzo pale Kasese, na nilipoyasoma mara ya kwanza nilicheka. Ujue kuendesha baiskeli. Uone vizuri kwa macho yote mawili. Viatu vifunike kifundo cha mguu, mikono ya shati iwe mirefu. Uweze kuinua pikipiki iliyolala bila kusaidiwa. Hilo la kuinua liliwatoa wanaume jasho. Mimi nimebeba mikungu ya ndizi tangu sijaota matiti, bwana. Nilichutama, nikaipa pikipiki mgongo, nikaisukuma kwa mapaja mpaka ikasimama. Afande alikuwa mwanajeshi kabla ya kuwa mwalimu, na bado alisema na watu kama wamepanga foleni ya posho kambini. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe mama iko na nguvu ya punda."

"Punda hana mdomo, afande. Mimi ninao."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliniamuru niilaze tena, niiinue tena, na tena, mpaka mdomo wenyewe ukanyamaza.

Sharti la abiria lilikuwa lake mwenyewe, na halikuwa na mjadala. "Karatasi yangu si ya kutembeza chuma," alisema. "Karatasi yangu ni ya kubeba mtu. Kama mtu ya nyumbani kwako inaogopa kupanda, mimi nitakupa watoto ya wenzako namna gani?" Mtihani alikufanyia kwenye mteremko wa mahali utakapofanya kazi, yeye akifuata nyuma na pikipiki yake. Mkifika chini aliuliza swali moja tu, tena halikuulizwa kwako, liliulizwa kwa abiria: utarudi naye juu, au utatembea? Abiria akisema atatembea, umeshindwa. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, bodaboda wa siku nyingi, mwenye maringo, alikuja na mke wake. Walishuka vizuri tu, sisi tuliona. Mwanamke akavua helmeti, akampa mumewe, akakaza kitenge chake kiunoni, akaanza kuupanda mlima kwa miguu bila kugeuka. Banange! Tulicheka mpaka machozi. Lakini usiku ule nyumbani sikucheka, maana zamu yangu ilikuwa inakuja.

Nieleze kwa nini ilinishika hivyo. Nilikuwa msaidizi wa muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya huko Mahango, kwenye miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupeleka chanjo vijijini juu mlimani. Nilizipeleka kwa miguu. Kisanduku mgongoni, barafu inayeyuka njiani, nafika dawa imeshapata joto, haifai tena. Mama amekaa chini tangu asubuhi na mtoto mapajani, unamwambia rudi wiki ijayo, na unaona machoni pake kwamba harudi. Ilikuwa inaniuma. Mpaka leo inaniuma. Kisha ikaletwa pikipiki mpya, ikawekwa stoo, nailoni bado ipo kwenye kiti, na mkubwa wangu akasema waziwazi: ukipata karatasi ya afande, pikipiki ni yako kuendesha na kazi inakuwa ya kudumu. Ukikosa, inakwenda Nyakiyumbu, kwa mwenzako ambaye karatasi anayo, na sisi huku tutafunga hiyo kazi. Ndiyo hivyo. Pikipiki, kazi, na watoto wa kule juu, vyote vilining'inia kwenye matako ya mtu mmoja ambaye sikuwa naye.

Nilianza na mama yangu mzazi. Yeye alivuka kutoka upande wa Beni zamani, mimi bado tumboni, akakaa Bwera, akauza vitenge na samaki wakavu karibu na mpaka, na Kiswahili hiki nimekinyonya kwake. Nilimkuta sokoni, rozari shingoni, anabishana na mteja. Nikampa habari yote. Alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akapiga makofi mara moja.

"Miye? Juu ya pikipiki? Kwenye ule mulima? Jamé! Mutoto, uko na wazimu. Nitakuombea rozari nzima, tena ya kupiga magoti. Lakini hii matako yangu haipande."

"Mama, ni dakika chache tu."

"Kufa pia ni dakika chache."

Basi nikarudi. Akabaki mume wangu. Mume wangu ni mtu mzuri, sisemi vingine, lakini ukimtajia pikipiki anakuwa kama mtu aliyeitwa polisi. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki, siku nyingi yupo Katunguru, na huko alikwenda kwa gari tu. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikamfokea. Mwisho akasema, "Nitakuja." Alisema akiangalia ukuta.

Na alikuwa na haki ya kuogopa. Mdogo wake alikufa kwenye mteremko uleule wa mtihani wangu, akishuka kwa pikipiki na magunia ya kahawa. Walisema breki ilikatika. Kila mtu alisema hivyo, hata mimi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa tambarare hawalijui. Sisi wa milimani tukifika kileleni tunazima injini. Unazima, unaweka nyutro, gia ikae huru, unaachia, pikipiki inashuka bure mpaka chini, kimya, unasikia upepo tu na jerikeni zinagonga. Mafuta ni ghali na mlima ni wa Mungu, kwa nini ulipie kushuka? Mume wangu alinifundisha hivyo kabla hajaapa kutopanda tena. Kila mtu alishuka hivyo, wenye mizigo, wenye abiria, mpaka katekista. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kilima pale Kasese, nilipofika juu, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo, bila hata kuniuliza. Afande alinipiga helmeti kwa ngumi.

"Nani alikufundisha kuzima?"

"Kila mtu, afande."

"Kila mtu atakufa! Gia ya pili! Acha ilie! Injini ndiyo inashika wewe. Ukizima, unabaki na breki peke yake, na breki ikipata moto inakufa, na wewe unaifuata."

Nilielewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na mwili ni kitu kingine. Gia ya pili kwenye mteremko mkali inapiga kelele ya kutisha, inaunguruma na kukoroma, na kwa mtu aliyezoea kushuka kimya, kelele hiyo inasikika kama pikipiki imekushinda. Ilinichukua muda mrefu mkono wangu uache kukimbilia ufunguo.

Asubuhi ya mtihani nilitoka nyumbani na suruali chini ya kitenge. Tuliishi kwenye ua mmoja na baba mkwe wangu, na mbele ya baba mkwe mwanamke havai suruali. Mambo yenyewe ni mengi: humgusi, hukai kwenye kiti chake, humkabidhi sahani mkononi, unaiweka chini na yeye anaiokota. Akisema jambo, unajibu ndiyo, baba. Ukiwa na la kusema, unamwambia mume wako naye atalifikisha. Miaka yote niliyokaa pale mkono wangu ulikuwa haujagusa wake, na neno hapana lilikuwa halijatoka kwangu kwenda kwake. Mimi, na mdomo huu! Kwa watu wengine wote nilikuwa moto, kwa mzee yule nilikuwa maji. Na tangu azike mtoto wake, pikipiki ilikuwa hairuhusiwi kuingia uani. Hata wageni waliokuja kumsalimu waliziacha barabarani.

Afande alikuwa ananisubiri juu ya mteremko, kwenye kituo cha bodaboda, pikipiki mpya imeshatolewa stoo. Nikavua kitenge. Nikampigia mume wangu simu. Akapokea.

"Uko wapi?"

Akasema, "Mama watoto, siwezi. Nimejaribu. Pale siwezi kushuka. Nisamehe."

Nikakata. Sitaandika nilichosema. Afande akaangalia saa, akasema, "Mama, hakuna abiria, hakuna mtihani. Mimi narudi Kasese."

"Afande, nipe nusu saa."

"Utaokota mtu wapi? Nilisema wa nyumbani."

Ndipo nikaona vichwa vinageuka nyuma yangu. Baba mkwe wangu alikuwa anakuja kutoka kwenye mibuni, fimbo mkononi na gunia tupu la kahawa begani. Kitenge kilikuwa chini na mimi nimesimama mbele ya watu na suruali. Nikakiokota, nikawa najifunga ovyo. Mzee hakuniangalia miguu. Alisema nami kwa Lhukonzo, lugha ya kwao mlimani, na kwa kweli ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha jambo refu bila kupitia kwa mtu.

"Mwanangu amenipigia simu. Ameniambia haji. Nani mwingine yupo?"

"Hakuna, baba."

"Basi nitakaa mimi."

Akaendelea, akiangalia barabara inavyoteremka. "Yule mwingine, mdogo wake, niliambiwa na watu. Walikuja kuniambia nikiwa shambani. Ukianguka wewe, nataka nione kwa macho yangu."

Hiyo ndiyo baraka niliyopewa. Akachukua helmeti ya pili, akaivaa mbele nyuma, afande akamgeuzia kwa adabu ambayo sikujua anayo. Kisha mzee akakunja lile gunia mara kadhaa, akaliweka kwenye kiti kati yangu na yeye ili miili isikutane, akapanda, akashika chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa wanauza ndizi wakashika vinywa. Mkwe na mkwe juu ya kiti kimoja!

Nikawasha. Gia ya kwanza, kisha ya pili. Nasema kweli, sikuogopa mlima. Nilimwogopa mtu aliyekaa nyuma yangu.

Sehemu ya mwanzo si mbaya. Barabara ni ya udongo mwekundu, ina mfereji upande wa mlima, na upande wa pili hakuna kitu, unaona migomba ya watu chini kabisa na paa zinang'aa. Nilikaa katikati. Nyuma nilisikia pikipiki ya afande. Nilianza hata kupumua. Kisha mteremko ukawa mkali, nikaachia mkono wa mafuta kabisa kama nilivyofundishwa, na injini ikaanza kulia.

Mzee akashtuka. Nilihisi kiti kimetikisika.

"Inakimbia!" akasema.

"Haikimbii, baba. Inajizuia."

"Inakimbia! Isikie! Zima!"

Mbele yetu ilikuwa inakuja kona, ile kona aliyofia shemeji yangu. Mti ulio pale bado ulikuwa na kovu. Injini ilizidi kulia, na sauti ya mzee ikapanda juu yake, si sauti ya hasira tena, ilikuwa sauti ya mtu anayeona kitu. "Zima, mke wa mwanangu! Zima, uachie! Zima!"

Miaka yote ile nilijibu ndiyo, baba. Mwili wangu ulishajua kujibu hivyo, kama ulivyojua kukimbilia ufunguo, na sasa mambo yote mawili yalikuwa yananivuta upande mmoja. Kidole gumba kilishaachia mpini. Haki ya Mungu, kilishaachia.

"Hapana!" nikasema. "Hapana, baba!"

Kisha nikauona mkono wake. Ulipita chini ya kwapa langu, mkono mkavu wenye mishipa, unatafuta ufunguo, na ulikuwa unajua ulipo. Nisingeweza kutoa wangu kwenye mpini, kona imeshafika. Nikafanya nililoweza: nikaubana mkono wake kwa kiwiko, nikaukandamiza kwenye mbavu zangu kwa nguvu zote za kubeba ndizi, nikaukaza hapo. Alivuta. Sikuachia. Gunia lilikuwa limeshachomoka na kuanguka, na kifua chake kilikuwa mgongoni kwangu, nausikia moyo wake unavyopiga. Nikaigusa breki kidogo, nikaachia, nikaigusa tena, nikaangalia mwisho wa kona na si ukingo, kama afande alivyopiga kelele siku zote. Injini ililia, ikatushika. Tukazunguka. Tukapita.

Mkono wake niliuachia barabara iliponyooka, na hakuutoa upesi.

Chini kuna daraja dogo na kivuli. Nikasimamisha, nikazima. Mzee akashuka, akavua helmeti, akaenda kukaa kwenye ukingo wa daraja na mgongo wake kwangu. Basi, nikajua yamekwisha. Nimemwambia hapana mbele ya mtu, nimembana mkono kama mwizi wa kuku, nimemgusa mwili mzima, na hapo hapo nimevaa suruali. Pikipiki iende tu Nyakiyumbu. Nilikuwa nalia ndani ya helmeti na nilikuwa na hasira kwa sababu nalia.

Afande akafika, akasimamisha, akamfuata mzee.

"Mzee, abiria. Swali ni moja. Utarudi naye juu, ama utatembea?"

Mzee hakujibu swali. Akauliza lake, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Afande. Hii kelele. Hii kelele ndiyo iko inashika pikipiki?"

"Ndiyo, mzee."

"Si breki?"

"Breki inasaidia. Ukizima injini, breki inabaki peke yake, inapata moto, haishiki tena. Kwa mlima kama huu, na mzigo, haifiki chini."

"Haikatiki?"

"Haikatiki, mzee. Inachoka tu."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Maji yalikuwa yanapita chini ya daraja na afande alikuwa amesimama na mikono nyuma, hajui kwamba ameshasema kitu.

"Na mafuta?" mzee akauliza. "Ukiacha iwake hivi mpaka chini, inakula mafuta ngapi?"

Afande akacheka kidogo. "Mafuta gani, mzee? Ukishaachia mkono wa mafuta? Kama kijiko hivi."

"Kijiko," mzee akasema.

Kisha akaongea kwa Lhukonzo, na sijui alikuwa anamwambia nani, mimi au maji. "Pikipiki nilimnunulia mimi. Kila asubuhi nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamwambia, ukifika juu zima. Zima, usitumalizie mafuta. Alikuwa mtoto anayesikia. Nikisema jambo, anasema ndiyo, baba."

Afande hakujua Lhukonzo, lakini alivua helmeti yake. Ningeweza kumwambia kila mtu alizima, ni kweli, kila mtu alizima, lakini kila mtu hakuwa baba yake.

Mzee akasimama. Alivaa helmeti, safari hii sawasawa, akaenda kwenye pikipiki, akapanda, akaweka mikono yake miwili mabegani kwangu, pale barabarani, mchana, watu wanapita. Nikawasha. Afande alikuwa anasubiri jibu lake.

"Narudi naye," mzee akamwambia. Kisha akainama sikioni kwangu. "Twende. Lakini usizime."

Tulikuwa tunapanda. Hakuna mtu duniani anayezima injini akipanda mlima.

"Ndiyo, baba," nikasema.